Divai nyekundu na mishipa ya damu: mambo ambayo kila familia inapaswa kujua

Katika ziara zetu kwenye parokia na vikundi vya wamama tumeulizwa swali moja mara nyingi: je, ni kweli kwamba glasi ya divai nyekundu kila jioni inasafisha mishipa ya damu? Wengine wamesikia habari hiyo kwenye redio. Wengine wameipokea kwa WhatsApp kutoka kwa jamaa walio Ulaya.

Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba kwa miezi miwili alikuwa ameacha vidonge vyake vya tansio, na badala yake anakunywa divai, kwa sababu shemeji yake alimhakikishia kwamba Wafaransa hufanya hivyo. Siku tulipomsindikiza kwenye kituo cha afya, mashine ilionyesha 190 kwa 110. Hakuwa na maumivu yoyote. Alifikiri kwamba amepona.

Kwa ajili ya mzee huyo na wengine walio katika njia hiyo hiyo, tumekusanya hapa yale ambayo uchunguzi wa kitabibu umeonyesha mpaka sasa. Jibu kwa kifupi ni hili: ndani ya zabibu nyekundu kuna vitu vinavyosaidia mishipa kidogo, lakini pombe iliyo ndani ya divai inaharibu zaidi ya vile vitu vinavyotengeneza. Tena, vitu hivyo vinapatikana katika vyakula vingine visivyo na pombe. Divai si dawa ya tansio, wala haiwezi kuchukua nafasi ya dawa.

Mshipa wa damu unafanyaje kazi?

Tusifikiri mshipa wa damu kama mpira wa kumwagilia bustani, ambao unakaa vile vile siku zote. Mshipa ni kitu hai. Unapanuka na kujikaza kila wakati, kulingana na kazi ambayo mwili unafanya. Tukipanda mlima na mzigo, mishipa ya miguu inafunguka ili damu nyingi ipite. Tukipumzika, inarudi.

Kazi hiyo inaongozwa na utando mwembamba sana ulio upande wa ndani wa mshipa, ambao waganga wanauita endotheli. Ni safu moja tu ya chembe, lakini ndiyo inayogusana na damu usiku na mchana. Endotheli inatoa gesi inayoitwa oksidi ya nitriki, na gesi hiyo inaiambia misuli ya mshipa ilegee. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa sababu ya kugundua kazi ya gesi hiyo mwilini.

Endotheli ikiwa nzima, damu inapita vizuri, chembe za kugandisha damu hazishikani ovyo, na mafuta hayaingii kwa urahisi katika ukuta wa mshipa. Ikiharibika, mshipa unakuwa mgumu, shinikizo linapanda, na mafuta yanaanza kujijenga ndani ya ukuta kama udongo unavyojaa katika mfereji. Vitu vinavyoiharibu vinajulikana: tumbaku, shinikizo la damu lisilotibiwa, ugonjwa wa sukari, kolesteroli nyingi, na kukaa bila mazoezi. Uharibifu huo unakwenda polepole kwa miaka mingi bila kuuma. Kwa hiyo mtu anaweza kujisikia mzima mpaka siku anapoanguka kwa kiharusi.

Habari ya divai ilianzia wapi?

Mwaka 1991, mwezi wa Novemba, kipindi cha televisheni cha Marekani kinachoitwa 60 Minutes kilisema kwamba Wafaransa wanakula siagi, jibini na nyama yenye mafuta, lakini hawafi sana kwa ugonjwa wa moyo kama Wamarekani. Mtangazaji aliinua glasi ya divai nyekundu na kusema kwamba huenda jibu liko humo. Mauzo ya divai nyekundu Marekani yalipanda sana baada ya hapo.

Mwaka uliofuata, Mfaransa Serge Renaud na mwenzake Michel de Lorgeril waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu jambo hilo hilo. Waliona kwamba pombe kwa kiasi fulani inapunguza kushikana kwa zile chembe zinazogandisha damu. Tangu hapo watu walianza kusema habari ya fumbo la Wafaransa, na kila mwenye kuuza divai alilifurahia.

Lakini fumbo hilo lilikuwa na majibu mengine. Mwaka 1999 Waingereza wawili, Malcolm Law na Nicholas Wald, walionyesha kwamba sehemu ya vifo vya moyo huko Ufaransa ilikuwa inaandikwa chini ya sababu nyingine. Walionyesha pia kwamba Wafaransa walikuwa wameanza kula mafuta mengi ya wanyama miaka mingi baada ya Waingereza, na madhara ya chakula kama hicho huchelewa kuonekana.

Na Ufaransa yenyewe haikuwahi kuiona divai kama dawa ya taifa. Mwezi wa Januari 1991, kabla ya kipindi kile cha televisheni, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kubana matangazo ya pombe na tumbaku. Shirika lake la afya ya umma lilihesabu vifo 41 000 hivi vilivyoletwa na pombe katika mwaka 2015 peke yake. Shemeji anayetuambia kwamba Wafaransa wanatibiwa kwa divai hajatuambia habari hiyo.

Kuna nini ndani ya glasi?

Divai nyekundu inatengenezwa kwa kuacha maji ya zabibu yachachuke pamoja na maganda na mbegu zake. Kwa divai nyeupe, maganda hutolewa mapema. Katika maganda na mbegu ndimo zinamopatikana polifenoli, yaani vitu ambavyo mmea unajitengenezea ili kujikinga na jua, wadudu na ukungu. Ndivyo vinavyoipa divai rangi nyekundu na ule ukali unaokausha ulimi.

Mwaka 2001 na tena mwaka 2006, Roger Corder na wenzake huko London walionyesha katika maabara kwamba polifenoli za divai nyekundu, hasa zile zinazoitwa prosianidini, zinapunguza kitu kinachoitwa endothelini, ambacho kinaukaza mshipa. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kuna kitu ndani ya zabibu nyekundu hawasemi uongo. Kipo. Swali linalobaki ni hili: je, tunahitaji pombe ili tukipate?

Uchunguzi mmoja wa Barcelona, uliotangazwa mwaka 2012, ulijibu swali hilo vizuri. Wanaume 67 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo walikunywa vinywaji vitatu kwa zamu, kila kimoja kwa wiki nne: divai nyekundu ya kawaida, divai nyekundu iliyoondolewa pombe, na pombe kali ya jini. Ile divai isiyo na pombe ilishusha shinikizo la juu kwa alama 6 hivi na la chini kwa alama 2 hivi, na oksidi ya nitriki iliongezeka katika damu. Divai ya kawaida haikuleta badiliko la uhakika. Jini haikuleta faida yoyote. Yaani zabibu ilikuwa inafungua mshipa, na pombe ilikuwa inaizuia kazi yake.

Huko Israeli, watu 224 wenye ugonjwa wa sukari walifuatwa kwa miaka miwili. Kila jioni kundi moja lilikunywa maji na chakula, lingine mililita 150 za divai nyeupe, na lingine mililita 150 za divai nyekundu. Waliokunywa divai nyekundu walipata ongezeko dogo la ile kolesteroli inayoitwa nzuri. Shinikizo lao la damu halikushuka kuliko la wale waliokunywa maji. Tuliweke moyoni jambo hilo: baada ya miaka miwili, kwa upande wa tansio, divai haikuyapita maji.

Vidonge vya resveratroli

Kati ya polifenoli zote, iliyopewa sifa kubwa inaitwa resveratroli. Mwaka 2006 ilionekana kwamba panya walionenepeshwa, wakipewa resveratroli nyingi, waliishi zaidi ya wenzao. Leo vidonge vyake vinauzwa kwa bei kubwa, na wauzaji wamefika hata katika miji yetu wakisema vinasafisha mishipa.

Tufanye hesabu. Lita moja ya divai nyekundu kwa kawaida ina miligramu chache tu za resveratroli. Tukisema ni miligramu 2, basi mtu anayetaka miligramu 500, kiasi kama kile kilichotumika katika baadhi ya uchunguzi, angehitaji kunywa lita 250. Hakuna mwili unaoweza kuvumilia hayo.

Huko Chianti, Italia, mahali panapolimwa zabibu za divai, wachunguzi walipima resveratroli katika mkojo wa wazee 783 na kuwafuata kwa miaka tisa. Katika muda huo 268 walifariki. Waliokuwa na resveratroli nyingi hawakuishi zaidi ya waliokuwa nayo kidogo, wala hawakuugua moyo kidogo kuliko wao. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2014.

Kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, GlaxoSmithKline, ilitoa dola milioni 720 mwaka 2008 kununua kampuni ndogo iliyokuwa inatafuta dawa katika njia hiyo. Mpaka leo hakuna dawa ya mishipa iliyotoka humo. Na mwaka 2012 University of Connecticut huko Marekani ilitangaza kwamba mmoja wa wachunguzi wake, aliyeandika sana juu ya faida za divai nyekundu kwa moyo, alikuwa amegeuza au kubuni matokeo yake mara 145. Tunataja hayo ili mtu asiuze mbuzi kwa sababu ya chupa ya vidonge.

Pombe yenyewe inafanya nini katika mishipa?

Glasi moja ya divai ya mililita 150, yenye pombe ya asilimia 12, ina gramu 14 hivi za pombe. Pombe hiyo ni ile ile iliyo katika bia na katika kanyanga. Mwili hauulizi ilitoka katika zabibu, ndizi au mahindi.

Saa za kwanza baada ya kunywa, mishipa inalegea, uso unapata joto, na shinikizo linaweza kushuka. Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Uchunguzi mbalimbali ukiwekwa pamoja umeonyesha kwamba mtu akinywa pombe nyingi, shinikizo linashuka kwa muda wa saa 12 hivi, kisha linapanda kuliko lilivyokuwa. Kwa hiyo mtu anayepima tansio jioni baada ya glasi zake anaona namba nzuri, na asubuhi, akiwa njiani kwenda shambani, iko juu. Akinywa kila siku, mwili unazoea kukaa juu.

Kuna habari njema upande wa pili. Wale waliokuwa wanakunywa vipimo sita au zaidi kwa siku, walipopunguza karibu nusu, shinikizo lao la juu lilishuka kwa alama 5 na nusu hivi. Hiyo ni faida kubwa, na haigharimu hata franga moja. Kinyume chake, inabakiza franga nyumbani.

Pombe pia inaongeza mafuta katika damu, inaudhoofisha msuli wa moyo kwa wanaokunywa sana kwa miaka mingi, na inaweza kuufanya moyo upige bila mpango. Moyo ukipiga hivyo, damu inaweza kuganda ndani yake, na donge likipanda kichwani linaleta kiharusi. Lile jambo ambalo Renaud alilisifu, yaani kupungua kwa kuganda kwa damu, lina upande mwingine: mshipa ukipasuka kichwani, damu isiyoganda vizuri inaendelea kuvuja.

Tusisahau kansa. Tangu mwaka 1988, shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa limeiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa wanadamu. Kwa wamama, hata kiasi kidogo cha kila siku kinaongeza hatari ya kansa ya ziwa. Mwezi wa Januari 2022, Shirikisho la Moyo Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho kizuri kwa moyo. Mwaka 2023, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Basi kwa nini zamani walisema inasaidia?

Swali hili ni la haki, maana walioandika zamani hawakuwa wajinga. Waliwalinganisha watu wanaokunywa kidogo na watu wasiokunywa kabisa, wakaona wanaokunywa kidogo wanaugua moyo mara chache zaidi. Kosa lilikuwa katika kundi la wasiokunywa.

Mwaka 1988 Gerald Shaper huko Uingereza alionyesha kwamba wengi katika kundi hilo walikuwa wameacha pombe kwa sababu walikwisha kuugua. Tuchukue mfano wa kwetu. Ukiwahesabu watu wasiokwenda shambani kijijini na kuona kwamba wanakufa haraka, hutasema kwamba kulima kunazuia kifo. Utakumbuka kwamba wengi hawaendi shambani kwa sababu ni wagonjwa. Tena, mtu wa Ulaya anayekunywa glasi moja ya divai kwa chakula cha jioni mara nyingi ana mshahara, ana daktari, anakula mboga na matunda. Afya yake inatoka huko.

Baadaye wachunguzi walipata njia bora. Kuna watu waliozaliwa na asili inayofanya pombe iwachukize, kwa hiyo wanakunywa kidogo tangu ujana, si kwa sababu ya ugonjwa wala mali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014, uliokusanya habari za watu zaidi ya 260 000, ulionyesha kwamba watu hao wana mioyo yenye afya zaidi. Nchini China, katika uchunguzi wa watu zaidi ya 500 000 uliotangazwa mwaka 2019, ilionekana kwamba kadiri pombe inavyoongezeka, shinikizo na kiharusi vinaongezeka pia. Ule ulinzi uliosemwa kwa wanaokunywa kidogo haukuonekana.

Pombe za kwetu

Wengi wetu hatuoni chupa ya divai ya zabibu isipokuwa kwenye arusi. Inatoka mbali na bei yake ni kubwa. Kwa hiyo sifa ya divai, ikifika kwetu, inageuka kuwa ruhusa ya kunywa kilicho karibu. Tumesikia watu wakisema: kama divai ni nzuri kwa moyo, basi kasiksi nayo ni nzuri, maana ni ya matunda.

Chupa kubwa ya bia ya santilita 72, yenye pombe ya asilimia 5, ina gramu 28 hivi za pombe. Hizo ni glasi mbili za divai. Kasiksi haina kipimo. Pombe yake inatofautiana kutoka mtungi hadi mtungi. Kanyanga na lotoko ni hatari zaidi, kwa sababu zinachemshwa bila ukaguzi, na pombe yenye sumu inaweza kuwamo na kuleta upofu au kifo. Na vile vinywaji vitamu vyekundu vinavyouzwa kwa bei rahisi vikiitwa divai, rangi yake peke yake haionyeshi kwamba kuna zabibu ndani.

Na Timotheo je?

Wasomaji watatukumbusha kwamba mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo badala ya maji tu. Ni kweli. Lakini sababu aliyoitaja ni tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Ulikuwa ushauri kwa mtu mmoja, kwa kiasi kidogo, katika wakati ambapo hapakuwa na vidonge wala maji ya bomba. Hakusema habari ya mishipa, na hakumwambia mtu yeyote aache dawa yake. Jumuiya zetu zina kanuni zao kuhusu pombe na makala haya hayazigusi. Tunasema tu kwamba mstari huo usigeuzwe kuwa cheti cha daktari.

Kuhusu Meza ya Bwana, kuna historia yenye faida. Mwaka 1869, mganga wa meno wa kanisa la Methodisti huko New Jersey, Thomas Bramwell Welch, alichemsha maji ya zabibu katika chupa ili yasichachuke, kusudi kanisa lake lipate kikombe kisicho na pombe. Miaka 130 baadaye, mwaka 1999, wachunguzi wa Marekani waliwapa wagonjwa 15 wa mishipa ya moyo juisi ya zabibu za zambarau kwa siku 14. Mishipa yao ya mikono ilipanuka vizuri kuliko mwanzo. Uchunguzi huo ni mdogo, lakini unakubaliana na ule wa Barcelona: kazi inafanywa na tunda. Mwenye sukari akumbuke tu kwamba juisi ya zabibu ina sukari nyingi.

Vitu vya kwetu vinavyosaidia mishipa

Hatuhitaji kungoja zabibu kutoka ng'ambo. Tazameni yaliyo karibu nasi.

*Maua mekundu ya ngai-ngai*, ambayo wengine wanayaita bisapu. Katika uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2010, watu 65 waliokuwa na shinikizo la juu kidogo walikunywa chai yake au kinywaji cha kulinganisha, mara tatu kwa siku kwa wiki sita. Kwa waliokunywa chai, shinikizo la juu lilishuka kwa alama 7 hivi; kwa wengine lilishuka kwa alama moja hivi. Inywewe bila sukari nyingi. Anayetumia vidonge vya tansio amwambie muuguzi kwanza, kusudi shinikizo lisishuke kupita kiasi.

*Majani ya chai*, ambayo yanalimwa katika milima yetu ya Kivu. Huko Boston mwaka 2001 ilionekana kwamba chai nyeusi inasaidia endotheli ya wagonjwa wa moyo.

*Maharagwe mekundu na karanga*. Ganda la haragwe jekundu lina polifenoli za jamii ile ile ya zabibu. Karanga zina hata resveratroli kidogo, pamoja na mafuta mazuri.

*Kakao*, ambayo ndugu zetu wa Beni na Mambasa wanailima. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 21 000, uliotangazwa mwaka 2022, dondoo ya kakao haikupunguza kwa uhakika jumla ya matatizo ya moyo, ingawa vifo vya moyo vilikuwa vichache zaidi. Tusiikuze kupita kiasi. Na chokoleti yenye sukari si kakao.

*Lengalenga, sombe, ndizi na parachichi*. Zina potasiamu, ambayo inausaidia mwili kutoa chumvi. Anayeugua figo aulize kwanza.

Juu ya hayo yote kuna mambo manne yenye nguvu kuliko chakula chochote kimoja: kupunguza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kwa mtu, pamoja na iliyo ndani ya samaki mkavu na vile vipande vya viungo vya kupikia, kuacha tumbaku kabisa, kutembea au kulima angalau nusu saa karibu kila siku, na kupima tansio.

Kwa wachungaji, wazee na viongozi wa wamama

Tunawaomba mambo haya.

Kila mtu mzima apimwe tansio angalau mara moja kwa mwaka. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, ipimwe tena siku nyingine, asubuhi, akiwa amepumzika na bila kunywa pombe. Vikundi vingine vinaweza kununua mashine moja kwa mchango na kuitumia baada ya ibada.

Mtu asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi, au kwa sababu tansio haina maumivu. Ikiwa fedha ya dawa imekosekana, hilo ni jambo la mashemasi, lisifichwe. Bei ya chupa moja ya divai ingesaidia kununua vidonge vya siku nyingi.

Pombe haipatani na dawa nyingi. Pamoja na dawa za sukari, inaweza kuishusha sukari mpaka mtu azimie. Pamoja na dawa za kifua kikuu na paracetamol, inaumiza ini. Mama mwenye mimba asinywe hata kidogo.

Mtu aliyekunywa sana kwa miaka, akiamua kuacha, asifungiwe chumbani aombewe tu. Kuacha ghafula kunaweza kuleta kutetemeka, degedege na hata kifo. Apelekwe kwa muuguzi au daktari, na maombi yaende pamoja naye.

Na jueni dalili za kiharusi: mdomo unapinda upande mmoja, mkono mmoja unakosa nguvu, maneno yanachanganyika. Msingoje mpaka kesho, msimpe kinywaji wala dawa ya kienyeji. Mtafutieni pikipiki au machela mara moja, mmfikishe hospitalini.

Yule mzee tuliyemtaja mwanzoni amerudia vidonge vyake. Kila Jumatatu anapita kwenye kituo cha afya, na namba zake zimeanza kushuka. Alituuliza afanye nini na chupa iliyobaki. Mke wake akajibu kabla yetu: atapikia nyama ya sikukuu. Tulicheka, kisha mama akatukaribisha chai ya ngai-ngai, isiyo na sukari, akatuomba tuyaandike haya kusudi na wengine wasome.